Yule mama wa Kyela "aliyeoga uchi na baba mkwe" ni mimi, leo mnisikilize

Wakuu, salamu kwenu nyote, mlio kazini na mliojifungia chooni na simu.

Mimi huwa sichangii humu. Nasoma, nacheka, nalala zangu. Ila jana mmenipandisha presha.

Kuna uzi wa jamaa aliyekwenda Japani. Rafiki yake akampeleka kwenye bafu la maji moto ya ardhini, watu wanaoga uchi pamoja, kila mtu na amani yake. Uzi mzuri kabisa. Balaa likaanza kwenye komenti.

Mmoja akasema Wajapani hawana aibu. Mwingine akaja mbio kumjibu: "Mbona hata Kyela miaka hiyo kuna mama alikutwa anaoga uchi na baba mkwe wake, yeye na Mjapani wake, wakafukuzwa kijijini." Basi mkagonga laiki mpaka basi. Vicheko.

Sasa huyo mama ni mimi.

Sikufukuzwa. Wala sikuoga na mkwe wangu. Nimeshapita miaka sitini, sina wa kumwogopa, nitawaambia ukweli wote. Na pale nilipokosea nitasema nilikosea.

Twende taratibu.

Ilikuwa enzi za ruksa, miaka ya tisini inaanza. Wakongwe mnakumbuka. Mitumba ilikuwa imefunguliwa, sabuni zinavuka kutoka Malawi, kila mwenye miguu ni mfanyabiashara. Mimi kwetu Ipyana, nimeolewa kijiji cha jirani na Kasumulu, nina watoto wawili na kibanda changu Bondeni, Kyela mjini. Nauza mabeseni, ndoo, sabuni na mitumba kidogo. Mume wangu anafanya kazi melini, akitoka bandari ya Itungi ndiyo basi, siku kadhaa simwoni.

Siku moja akaja dada wa Kijapani kibandani. Nitamwita Sachi. Alikuwa mwalimu wa kujitolea, anafundisha hisabati sekondari. Mfupi, mpole, Kiswahili anakisema pole pole kama anayevuka daraja la miti.

Anataka ndoo ndogo ya plastiki na kigoda.

Nikamuuliza, "Ndoo ndogo hivi ya kufanyia nini, mwalimu?"

"Ya kuoga maji moto," akasema. "Nimesikia hapa mna maji moto ya ardhi. Kwetu pia. Nimekumbuka sana kwetu."

Aliposema hivyo machozi yakamlengalenga, na mimi nina roho nyepesi. Nikamwambia Alhamisi njoo, nakupeleka mwenyewe.

Kwa msioijua, chemchemi yetu ipo chini ya kilima, maji yanatoka ardhini yanafuka. Pale kwenye jicho ukitumbukiza yai linaiva. Sisi tulikuwa tunachota na ndoo, tunachanganya na maji ya kijito, tunajimwagia haraka haraka tumesimama na khanga kifuani, tunaondoka. Wazee walikuwa wanakandia miguu.

Na kulikuwa na utaratibu. Wanawake wakiwepo, khanga inatundikwa kwenye tawi mwanzo wa njia. Wanaume wakiwepo, fimbo inachomekwa pale pale. Hakuna askari wala kibao. Ukiona khanga, wewe mwanaume unageuza. Nisisahau hilo, na ninyi msilisahau.

Sachi kufika pale akafanya vituko. Akakaa kwenye kigoda, akajisugua na sabuni kila mahali, nyuma ya masikio, katikati ya vidole vya miguu. Akajisuuza ndoo nzima. Nikajua kamaliza. Kumbe ndiyo kwanza anatafuta pa kuingia!

"Umeshaoga, unaingia tena kufanya nini?"

"Nje unaoga," akasema. "Ndani unapumzika."

Wakuu, mwanamke wa Kyela, jua la saa tisa, mpunga shambani, ndizi hazijamenywa, anaambiwa apumzike. Nilicheka mpaka nikakaa chini.

Lakini tulijenga. Yeye na mimi na akina mama wengine kama sita, tukapanga mawe pale maji moto yanapokutana na kijito, tukachimba, tukapata kidimbwi cha kukaa watu wanne. Unaweza kuongeza moto au baridi kwa kusogeza jiwe moja. Masharti aliyaweka Sachi: usiingie na uchafu, usiingie na sabuni, usiingie na nguo. Khanga mpya inachuja rangi, si mnajua. Kitaulo kidogo unakikunja unakiweka kichwani. Na usipige kelele.

Halafu sharti moja la usalama. Alituambia kwao watu huzimia majini kwa sababu ya joto, wengine hufa. "Ukiona mwenzako amenyamaza sana na kichwa kinashuka, mtoe haraka."

Sharti hilo ndilo lililoniponza.

Ngoja kwanza niwaeleze habari ya mkwe, maana vijana wa siku hizi mnapiga selfie na wakwe zenu.

Kwetu Wanyakyusa, mwanamke alikuwa haonani na baba wa mumewe. Haonani kabisa. Humtazami usoni, hutaji jina lake, mkikutana njiani wewe unaingia migombani mpaka apite. Kwetu wanasema kumtila, yaani kumwogopa. Si kwamba mnachukiana, ndiyo heshima yenyewe. Miaka ile wengi walikuwa wameshalegeza, makanisa yamekuja na shule. Lakini mkwe wangu alikuwa wa zamani, akaishika, na mimi nikaishika kwa sababu yake. Hata kanisani yeye alikaa mbele upande wa wanaume, mimi nyuma kabisa.

Sachi nilimsimulia. Ila mzee mwenyewe hakuwahi kumwona.

Sasa aingie mharibifu wa habari.

Kaka mkubwa wa mume wangu, nitamwita Ambilikile. Alikuwa kapunguzwa kazi kwenye shirika moja la umma, akarudi nyumbani na brifkesi na neno moja tu mdomoni: mwekezaji. Kila kitu mwekezaji. Akiona mto, mwekezaji. Akiona ng'ombe wa mtu amelala, mwekezaji.

Alipoona kidimbwi chetu, akili ikawaka. Anataka kujenga gesti, azungushe uzio, watalii waje. Akamfuata Sachi amchoree ramani na amtafutie Wajapani wenye hela.

Sachi akamuuliza swali moja: "Na hawa mama wataoga wapi?"

Akajibu, "Hao watazoea."

Sachi akamrudishia karatasi yake kwa mikono miwili, akainama, akasema hapana asante. Sijawahi kuona mtu anakataliwa kwa adabu vile. Na mtu aliyekataliwa kwa adabu ana kinyongo kuliko aliyetukanwa, kumbukeni hilo.

Kuoga kukawa kila Alhamisi, na sasa nafika kwenye ile Alhamisi yenyewe.

Ulikuwa msimu wa kuamia ndege, wenzetu wote wako mashambani wanafukuza ndege kwenye mpunga. Tukaenda wawili tu. Nikatundika khanga yangu kwenye tawi kwa mkono wangu huu. Mpya, nyekundu, imeandikwa "Usisafirie nyota ya mwenzio". Tukajisugua, tukaacha nguo juu ya mawe, tukaingia. Kitaulo kichwani kama majimama ya mjini.

Tumekaa. Kimya. Nasikia mgongo unafunguka mfupa mmoja mmoja. Nakumbuka niliwaza kwamba tangu niolewe sijawahi kukaa bila kushika kitu mkononi.

Mara nasikia fimbo. Ko, ko, ko.

Fimbo ile naijua. Miaka minane nimekuwa nikiisikia na kuingia migombani.

Nguo zangu ziko kwenye mawe, na mawe yako upande anakotokea. Hakuna mgomba. Hakuna kichaka. Nikafanya kitu pekee ambacho mkamwana wa Kinyakyusa angefanya.

Nikazama.

Nikaziba pua nikaenda chini, nikasema moyoni atapita, nitakaa humu hata kama nitaiva.

Sachi yeye akaona nini? Akaona mwenzake amenyamaza, kichwa kimeshuka.

Akanidaka chini ya makwapa akaninyanyua kama gunia la mpunga, mpaka kiunoni, mbele ya mtu pekee duniani ambaye sikutakiwa kumwona wala yeye kuniona. Na anapiga kelele:

"Baba! Baba saidia! Mama Neema amezimia!"

Nimefumba macho. Siwezi kumwambia huyu ni nani, jina silitaji. Nikajitupa chini tena. Akanitoa tena. Mara ya pili akanichapa kofi la kuniamsha.

Chekeni. Hata mimi leo nacheka. Siku ile nilitamani ardhi ile ile inayotoa maji inimeze.

Niliposikia ko ko ko inaondoka ndipo nikafumbua macho. Sachi bado ananipepea na kitaulo.

Tukavaa, tukatoka mbio. Kufika mwanzo wa njia, tawi tupu. Khanga hakuna. Na wamesimama watu watatu: Ambilikile na wazee wawili wa ukoo aliokuwa ndiyo kwanza anafika nao, eti wamekuja kuangalia eneo la mradi.

"Shemeji," akaniambia kwa sauti ya huruma, "umetufanyia nini? Bila hata kuweka alama?"

Jioni ile habari iko Kasumulu. Asubuhi iko Malawi. Ilivuka mpaka bila kugongewa muhuri.

Kikao cha ukoo kikaitwa Jumamosi. Kwa nini Jumamosi? Kwa sababu meli ilikuwa imekwenda Mbamba Bay na mume wangu anarudi Jumapili. Huyu jamaa alihesabu vizuri.

Mashtaka yakasomwa. Mkamwana amemvunjia mkwe heshima. Hakuweka alama. Amejifunza uchafu kwa mgeni. Hukumu aliyoipendekeza Ambilikile: nirudi kwetu Ipyana siku ile ile, watoto wabaki, mume akirudi aamue kama ananitaka. Wanawake wasikanyage tena chemchemi, na izungushiwe uzio "kwa ajili ya maadili".

Mmesikia hiyo? Maadili! Mtu anataka gesti, anaiita maadili.

Na sasa oneni mahakama yenyewe. Shahidi mkuu ni mkwe wangu, na mimi siruhusiwi kuwa mahali alipo. Kwa hiyo yeye yuko sebuleni kwake mlango wazi, wazee uani, mimi mshtakiwa niko nyuma ya jiko nimekaa kwenye kinu, nasikiliza kesi yangu kupitia ukuta wa matete. Nikitaka kujibu, namwambia mama mkwe, naye anakwenda kusema. Neema mwanangu alikuwa na miaka sita, ameshika sketi yangu, anauliza kwa nini nimefunga mzigo.

Nilimtuma mama mkwe mara tatu: nilitundika khanga. Mara tatu Ambilikile akajibu: iko wapi?

 Khanga sina.

Sachi alikuja. Hakuitwa, alikuja na baiskeli. Akasimama mbele ya wazee wale akainama mpaka nywele zikagusa magoti, akakaa hivyo muda mrefu. Akasema kosa ni lake, yeye ndiye aliyeninyanyua, mimi nilikuwa nimejificha kwa heshima na yeye hakuelewa. Mzee mmoja akanong'ona kwamba huyu mtoto amelelewa. Lakini Ambilikile akasema kuinama si khanga.

Nikajua yamekwisha. Nikaanza kumwambia Neema jinsi ya kumfunika mdogo wake usiku.

Ndipo fimbo ikagonga sakafu ndani ya nyumba.

Kulikuwa na kuku anadonoa mlangoni. Mkwe wangu akaanza kuongea na kuku. Msishangae, ndivyo ilivyokuwa. Mtu usiyeruhusiwa kusema naye unamsemesha kwa kupitia kitu kingine, na wote wanajua unasema na nani. Alisema kwa Kinyakyusa, nawatafsiria:

"Wewe kuku, nisikilize. Mimi juzi miguu iliniuma. Mwanangu mkubwa akanitangulia mpaka mwanzo wa njia, akaniambia, baba pita, leo njia iko wazi. Akanipa na nguo ya kujifutia. Nyekundu. Nikamshukuru, nikasema huyu mtoto siku hizi amekuwa na moyo. Niliposikia kelele nikajifunika nayo kichwa, nikageuka, nikarudi."

Wazee wakageuka kumtazama Ambilikile. Mama mkwe akaingia ndani akatoka nayo. Imefuliwa, imekunjwa. Akawapelekea wazee kwanza waikunjue waisome, halafu akaizungusha mpaka nyuma ya jiko akanipakatisha.

Mzee akamalizia na kuku wake.

"Na mwenye nguo hii mwambie hivi. Mimi sikuona mtu. Niliona maji."

Wakuu, nililia. Nililia kwenye ile khanga mpaka ikalowa upya.

Sachi yeye aliiona ile khanga kichwani kwa mzee tangu siku ile. Nilipomuuliza baadaye kwa nini hakusema, akasema alidhani wazee wetu huja kuoga na taulo kichwani kama kwao, akafurahi. Ningemlaumu vipi.

Sasa hapa ndipo hasira yangu ilipo mpaka leo, na ndicho kilichonifanya niandike.

Ambilikile hakutozwa hata kifaranga. Wazee walikohoa, wakasema ni bahati mbaya, shetani kapita, tusilikuze jambo. Mimi niliyeibiwa khanga na kutegwa kama panya buku nikaambiwa nitoe mbuzi "kwa heshima ya mzee". Nikatoa! Hilo ndilo kosa langu, nililosema nitawaambia. Nilitoa mbuzi kwa kosa la mtu mwingine ili watu wasiseme niko jeuri. Na kwa sababu nilitoa mbuzi, watu wakajua nilikosa, na ndiyo maana leo wewe mwenye komenti umeikuta habari imegeuzwa nyuma mbele.

Mume wangu aliporudi Jumapili akataka kwenda kumpiga kaka yake. Nikamzuia. Hilo nalo sijui kama nilifanya vizuri.

Wiki mbili sikwenda chemchemi. Sachi akanifuata kibandani, akakaa kwenye beseni lililopinduliwa, akasema hatainuka mpaka nifunge. Nikafunga. Tukaenda.

Tunakaribia mwanzo wa njia, Sachi akanishika mkono.

Pale kwenye tawi amekaa mzee juu ya jiwe, ameipa mgongo njia ya chemchemi, anatazama anakotokea mtu yeyote. Amechomeka fimbo yake ardhini mbele yake. Juu ya fimbo ametundika khanga ya mama mkwe.

Nikaingia migombani, nikazunguka, nikapita nyuma yake. Akakohoa mara moja. Basi.

Alhamisi zote zilizofuata alikuja. Jua, mvua ya Kyela mnayoijua ilivyo, yuko pale. Ambilikile alileta nguzo za uzio, akamkuta baba yake amekaa, akazirundika pembeni, mchwa wakazila zote. Sisi tukimaliza tunapita migombani, ndipo yeye anaingia kukanda miguu yake. Miaka mitano, mpaka alipofariki. Msibani Ambilikile alisimama akatoa hotuba ndefu kuhusu heshima ya wakwe, na watu wakaitikia. Mimi nikatoka nje nikaenda kuosha vyombo.

Sachi alisharudi kwao. Mpaka leo tunaandikiana, sasa hivi kwenye simu. Wachina na Wajapani msiwachanganye tu, anachukia.

Funzo ni moja. Usilipe faini ya kosa usilofanya ili upate amani. Amani hiyo wajukuu wako watakuja kuikuta kwenye komenti.

Wewe uliyeandika ile komenti, ukinisoma ifute, au njoo hapa hapa uniulize. Na wengine karibuni, hasa watu wa Kyela, Rungwe na ng'ambo Karonga: kwenu utaratibu huu wa kusema na kuku bado upo? Nitajibu wote wenye adabu.

Swali moja tu msiniulize, maana kuna mtu lazima ataliuliza: mkwe wangu alikuwa na sura gani. Sijui. Waulizeni waliomwona. Mimi naujua mgongo wake, koti la kahawia, bega la kushoto limeshuka kidogo, na ningeutambua popote.